Simu ya Ofisi Inapovuka Ua: Historia Fupi ya Jengo la Pili

Utangulizi

Neno simu limeingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi, ambako sim ni waya. Ndiyo kusema mtu anayesifu simu yake isiyo na waya, tukimfuata neno kwa neno, anasifu waya usio na waya. Walimu wa lugha hupenda mifano ya namna hii kwa sababu inaonyesha jinsi neno linavyoweza kubaki hali kitu chenyewe kimekwisha kubadilika. Katika makala hii tunakusudia kuufuata waya huo mahali pamoja tu: pale ofisi, hospitali, shule au chuo chenye mtambo wa simu wa miaka mingi kinapopata jengo la pili, na wakubwa wakaagiza kwamba kule nako kuwekwe simu.

Agizo hilo ni la maneno machache, lakini lina umri wa zaidi ya karne moja, na kila kizazi cha mitambo kimelijibu kwa njia yake. Hoja yetu ni kwamba kuna vitu vitatu vinavyotakiwa kuvuka ua kutoka jengo la kwanza kwenda la pili. Cha kwanza ni sauti. Cha pili ni umeme unaoiendesha simu. Cha tatu ni maarifa: nani yuko wapi, na msaada unaitwaje. Kadiri miaka ilivyopita, sauti ilivuka kwa urahisi zaidi na zaidi. Umeme ulizidi kuwa mgumu. Maarifa yalisahauliwa, hata ikabidi sheria itungwe ili yarudishwe.

Enzi ya opereta

Kituo cha kwanza cha biashara cha kuunganisha simu kilifunguliwa mjini New Haven, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, tarehe 28 Januari 1878, kikiwa na wateja 21. Mwezi uliofuata kilitoa orodha ya wateja ya ukurasa mmoja yenye majina 50. Orodha hiyo haikuwa na namba hata moja. Mteja aliinua simu, akataja jina la amtakaye, na opereta akamwunganisha. Waliofanya kazi hiyo mwanzoni walikuwa vijana wa kiume waliozoea kupeleka telegramu, na wateja wakalalamikia ufidhuli wao. Tarehe 1 Septemba 1878 Emma Nutt aliajiriwa mjini Boston, akawa mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo, na baada yake wanawake wakaishika kwa miongo mingi.

Namba zilitoka wapi basi? Inasimuliwa kwamba katika mji wa Lowell, Massachusetts, kulizuka surua, na daktari mmoja, Moses Greeley Parker, akahofu kwamba maopereta wachache wa mji wakiugua wote kwa pamoja, hakuna atakayejua waya wa nani uko wapi. Akashauri kila mteja apewe namba. Kisa hiki kinafaa kukumbukwa. Namba ya simu ilikuja ili kuhifadhi nje ya kichwa cha mtu yale ambayo hadi wakati huo yalikaa kichwani mwake.

Ofisi kubwa nazo zikaweka swichibodi zao wenyewe. Faida yake ilikuwa bayana: simu hamsini za ndani zingeweza kutumia kwa zamu laini tano tu za nje, badala ya kulipia laini hamsini. Jengo la pili lilipojengwa, fundi alivuta jozi moja ya nyaya kwa kila simu, akaziingiza katika tundu jipya kwenye ubao, na opereta akabandika karatasi juu ya tundu hilo: stoo, karakana, zahanati. Tangu siku hiyo, taa ya tundu lile ikiwaka, alijua ni jengo gani linaloita. Mtu aliyeanguka na kuweza tu kuinua mkono wa simu, pasipo kusema neno, alikuwa amekwisha kumwambia opereta mahali alipo.

Mtambo unaojiendesha

Aliyemwondoa opereta alikuwa Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City. Inasimuliwa kwamba alishuku simu za wateja wake zinaelekezwa kwa mshindani wake. Aliyoyafanya yanajulikana: mwaka 1891 alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila mkono wa mtu, na tarehe 3 Novemba 1892 kituo cha kwanza cha aina hiyo kikafunguliwa La Porte, Indiana. Baadaye mitambo midogo ya namna hiyo iliingia maofisini na kuitwa PABX. Mtumishi alizungusha tarakimu mbili au tatu kumpata mwenzake, na tarakimu ya ziada, mara nyingi 9, kupata laini ya nje.

Kwa jengo la pili kazi ilibaki ileile: jozi moja ya nyaya kwa kila simu, zikiwa zimefungwa pamoja katika kebo nene iliyofukiwa ardhini au kutundikwa nguzoni. Mtambo ulipeleka umeme wa volti 48 kutoka katika betri zake kupitia waya uleule uliobeba sauti. Kwa hiyo jengo la pili halikuhitaji hata soketi moja ya umeme kwa ajili ya simu. Umeme wa mji ukikatika, betri za chumba cha mtambo ziliendelea kuzilisha simu za majengo yote mawili.

Umbali nao haukuwa kikwazo kikubwa. Waya wa shaba wenye kipenyo cha nusu milimita una ukinzani wa takriban ohm 168 kwa kila kilomita, ukihesabu kwenda na kurudi. Jengo lililo mita 600 mbali linaongeza ohm 100 hivi, na simu ya kawaida ya analogi huvumilia mamia ya ohm. Ndiyo maana simu ya aina hiyo iliweza kuvuka si ua tu bali barabara na hata mtaa. Mahali ambapo taasisi haikuwa na ruhusa ya kuchimba, ilikodi jozi ya nyaya kutoka kwa kampuni au shirika la simu, na mtumishi wa jengo la mbali akaendelea kuwa na namba ya ndani kama wenzake.

Hata hivyo kitu kimoja kilipungua. Mtambo wa Strowger uliunganisha, lakini haukujua chochote. Haukuwa na karatasi iliyoandikwa zahanati. Katika taasisi nyingi upungufu huo haukuonekana, kwa kuwa opereta mmoja alibaki mapokezini kupokea simu za nje, na ndiye aliyeendelea kukumbuka.

Ruhusa ya kuunganisha

Wasomaji wanaosoma historia ya mawasiliano watauliza: ni nani aliyeruhusiwa kuvuta waya huo? Nchini Marekani, kwa miaka mingi, simu na mtambo vilikuwa mali ya kampuni ya simu, na mteja alikodi tu. Mwaka 1968 tume inayosimamia mawasiliano nchini humo iliamua, katika shauri la kifaa kiitwacho Carterfone, kwamba mteja anaweza kuunganisha kifaa cha kampuni nyingine ilimradi hakiudhuru mtandao. Uamuzi huo ulifungua soko la mitambo ya ofisi.

Hapa Afrika Mashariki hali ilikuwa na sura yake. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilihudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, makao yake makuu yakiwa Kampala kufuatana na mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1967. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na shirika lake la posta na simu. Mashirika hayo yaligawanywa baadaye: Tanzania mwaka 1994, Uganda mwaka 1998 na Kenya mwaka 1999. Muda si muda simu za mkononi zikaenea, na ofisi nyingi zilizopata jengo jipya baada ya hapo hazikuvuta waya wowote. Kila mtumishi alitumia simu yake mwenyewe. Njia hiyo ni nyepesi, lakini ina gharama iliyojificha. Mtumishi akihama, namba waliyoizoea wanafunzi au wagonjwa inahama naye. Namba ya ndani ya ofisi hubaki ofisini.

Mitambo yenye lahaja zake

Tunaporudi kwenye mitambo yenyewe, mwaka 1975 ni wa kukumbukwa, kwani ndio kampuni ya Northern Telecom ya Kanada ilipotoa SL-1, mtambo wa ofisi unaogeuza sauti kuwa tarakimu. Mwaka 1988 kampuni hiyohiyo ilitoa Norstar kwa ajili ya ofisi ndogo, nao ukaenea sana. Simu zake zilikuwa na vitufe vingi na kioo kidogo cha maandishi, na kila moja ilitumia jozi moja tu ya nyaya. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, kwa maana simu za vitufe za Marekani za miaka ya 1960 zilihitaji kebo ya jozi 25, yaani nyaya 50, kwa kila meza.

Lakini mitambo ya tarakimu ilileta mambo mawili mapya. Kwanza, ishara zake zilichoka upesi. Simu ya kizamani ya analogi iliweza kwenda kilomita kadhaa, ila simu hizi mpya ziliishia mita mia kadhaa. Jengo la pili lililofikiwa bila shida na mtambo wa babu lingeweza kuwa mbali mno kwa mtambo wa mjukuu. Pili, kila kiwanda kilikuwa na namna yake ya kuzungumza kati ya mtambo na simu. Mwalimu wa lugha ataelewa haraka tukisema kwamba zilikuwa lahaja zisizoelewana. Simu ya kiwanda kimoja haikufanya kazi kwenye mtambo wa kiwanda kingine, hata kama waya na tundu vilifanana.

Mafundi wakapata njia tatu. Njia ya kwanza ilikuwa kurudi nyuma: mtambo mwingi wa tarakimu ulikuwa na nafasi ya kuwekea kadi za analogi, na simu ya kawaida ikapelekwa jengo la pili. Mtumishi wa kule alikosa vitufe na kioo, lakini alipata namba yake ya ndani. Njia ya pili ilikuwa kuweka mtambo mdogo katika jengo la pili, kisha kuiunganisha mitambo miwili kwa laini maalumu. Kampuni ya Bell ilikuwa imeanza mwaka 1962 kutumia mfumo wa T1, unaopitisha mazungumzo 24 kwa jozi mbili tu za nyaya. Mfumo wa Ulaya, ambao ndio uliotumika pia sehemu nyingi za Afrika, hupitisha 30. Njia ya tatu ilikuwa kuutupa mtambo wote na kununua mwingine mkubwa zaidi, na wauzaji walikuwa tayari kila siku kuipendekeza.

Radi

Kabla ya kufika enzi ya intaneti, kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa ughaibuni hulitaja kwa ufupi, nasi wa Maziwa Makuu hatuna budi kulipa nafasi yake. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili ni njia ya radi. Si lazima radi ipige waya wenyewe. Ikipiga ardhi karibu na jengo moja, volti ya ardhi ya pale hupanda ghafla kuliko ya jengo lingine, na tofauti hiyo hukimbilia kwenye waya, ikachoma kadi za mtambo upande mmoja na simu upande wa pili. Anayeshika mkono wa simu wakati huo naye yumo hatarini.

Uchambuzi wa vipimo vya satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani ni Ziwa Maracaibo, Venezuela, na pa pili ni Kabare, mashariki mwa Kongo. Ziwa Viktoria nalo ni maarufu kwa radi za usiku. Kwa hiyo kebo ya shaba kati ya majengo katika nchi zetu inahitaji vikinga radi katika ncha zote mbili, na kila kikinga kiunganishwe vyema na ardhi ya jengo lake. Kikinga cha upande mmoja ni nusu ya kazi. Nyuzi za kioo zinazobeba mwanga hazipitishi umeme, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuzipendelea pale ua unapochimbwa upya.

Kikasha cha kutafsiri

Itifaki ya SIP, inayotumiwa na simu nyingi za intaneti, ilichapishwa mwaka 1999 na kurekebishwa mwaka 2002. Ilileta kile ambacho mitambo ya tarakimu haikuwa nacho, yaani lugha moja ya wote. Hapo ndipo kikaingia kikasha kidogo ambacho kazi yake ni kutafsiri. Upande mmoja kimeshikana na kadi ya analogi au laini ya mtambo wa zamani. Upande wa pili kinazungumza SIP. Mtambo wa zamani huamini kwamba unaongea na simu ya kawaida iliyo chumba cha pili, kumbe iko jengo lingine, au hata mji mwingine.

Mahitaji yake ni madogo. Mazungumzo yenye ubora wa simu ya mezani hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, na ukiongeza vifungashio vya intaneti hufika takriban 87 kila upande. Watu kumi wakizungumza kwa wakati mmoja hawajafika megabiti moja. Kiungo chochote kizuri kati ya majengo, cha nyuzi za kioo au cha redio, kinatosha.

Kikasha hiki kimezipa taasisi uhuru wa kutotupa mali. Uhuru huo ulionekana thamani yake mwaka 2009, wakati Nortel, jina jipya la Northern Telecom, ilipoomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni, na kitengo chake cha simu za maofisi kikauzwa kwa Avaya kwa takriban dola milioni 900. Mtambo wa Norstar wenye afya njema haukufa siku hiyo. Aliyekuwa na jengo jipya angeweza kuuongezea miaka kwa njia ya tafsiri, akajipa muda wa kupanga.

Lakini tuangalie vile vitu vitatu vya mwanzo. Sauti imevuka kikamilifu. Umeme haukuvuka. Tangu mwaka 2003 kuna kiwango kinachoruhusu simu kupata umeme kwa kebo ya mtandao, ila umeme huo hutoka katika kifaa kilichomo ndani ya jengo la pili, si katika betri za jengo la kwanza. Umeme ukikatika na kifaa hicho hakina betri, jengo la pili huwa kimya hali la kwanza linaendelea kuzungumza. Na maarifa?

Sheria ya Kari

Tarehe 1 Desemba 2013, katika mji wa Marshall, Texas, Kari Hunt aliuawa katika chumba cha hoteli. Binti yake wa miaka tisa alipiga 911 kwa simu ya chumbani, kama alivyofundishwa, mara nne. Simu haikutoka hata mara moja, kwa sababu mtambo wa hoteli ulitaka kwanza 9 ya laini ya nje. Mtoto alikuwa sahihi. Kanuni ya mtambo ndiyo haikuwa imeandikwa mahali ambapo mtoto angeiona.

Baba yake Kari alifanya kampeni, na mwezi Februari 2018 ikatiwa sahihi sheria inayoitwa kwa jina lake. Mitambo ya ofisi iliyowekwa baada ya tarehe 16 Februari 2020 nchini Marekani lazima iruhusu 911 kupigwa moja kwa moja, na pale inapowezekana iarifu mapokezi au walinzi kwamba simu ya dharura imepigwa. Sheria nyingine ya mwaka huohuo ilitaka simu ya dharura ibebe pia mahali alipo mpigaji, kwa mfano jengo, ghorofa na chumba. Ukitazama kwa makini utaona kwamba mambo hayo mawili ni kazi ya yule opereta wa kale: kumpokea anayeita kwa vyovyote aitavyo, na kujua anaita kutoka wapi. Aidha, mitambo ya kabla ya mwaka 2020 haikubanwa na sheria ya Kari, na hiyo ndiyo hasa mitambo inayoongezewa majengo.

Kwa jengo la pili hatari iko wazi. Simu inayotoka kupitia mtambo wa jengo la kwanza huonekana nje kama simu ya jengo la kwanza. Zimamoto au gari la wagonjwa likifuata anwani hiyo, litasimama kwenye lango lisilo lake.

Hitimisho

Historia hii haisemi kwamba mtambo wa zamani utupwe, wala kwamba ung'ang'aniwe milele. Uingereza, kwa mfano, imeahirisha kuzima mtandao wake wa simu za shaba kutoka Desemba 2025 hadi Januari 2027, na mitambo inayoutegemea itahitaji mtafsiri au mrithi. Inachosema ni kwamba kazi ya kuvusha simu haijakwisha pale fundi anapopiga simu ya majaribio na kusikia sauti safi. Aulizwe mambo matatu kabla hajaondoka. Umeme ukizimwa katika jengo hili, simu itafanya kazi kwa muda gani? Vikinga radi viko pande zote mbili? Mtu akipiga namba ya dharura hapa, kama 999 au 112 kwa Uganda na Kenya, inatoka bila tarakimu ya ziada, na mapokezi watajua ni chumba gani?

Jibu la swali la mwisho likiwa hapana, dawa ya haraka haihitaji fundi. Inahitaji karatasi iliyobandikwa juu ya simu, na kazi ya kuiandika ni yetu sisi tunaofundisha Kiswahili. Iwe fupi, isomeke na mgeni aliyeshikwa na hofu, na iwe ya maneno anayoweza kuyasoma kwa sauti jinsi yalivyo: "Hapa ni Jengo la Pili, ghorofa ya kwanza, chumba namba 6. Njia ya kuingia ni lango la nyuma. Kuita msaada, anza na 9, kisha 999." Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hilo wiki hii, kila mmoja kwa simu moja ya taasisi yake, na kabla ya kubandika, kila maandishi yahakikishwe kwa kusimama mlangoni na kuhesabu vyumba.